Mliolea mtoto mwenye mguu kifundo, tupeane uzoefu wa hogo (plasta ngumu ya kunyooshea mguu) na vile viatu vya chuma

Mama K: Habari za jioni wakuu. Mwanangu ana wiki 3, kazaliwa nyayo zimetazamana na visigino vimepanda juu. Jumanne kafungwa hogo la kwanza, toka vidoleni hadi mapajani, magoti yamekunjwa. Tutabadilisha kila wiki, mara 5 hadi 7 hivi. Mama mkwe kanuna, eti nilimcheka mlemavu nikiwa na mimba. Waliopita huku, mlivukaje?

Baba Zuu: Pole shemeji. Ya mama mkwe achana nayo, hutokea kwa karibu mtoto 1 kati ya 1,000, na mama hana kosa lolote. Mimi zamu yangu ilikuwa kukagua vidole vya mguu, kama hogo limebana. Unabonyeza kidole gumba kinapauka, ukiachia kinarudisha rangi. Usiku mmoja hakikurudi upesi, vidole vya baridi, vimevimba. Sikungoja kuche, bodaboda mpaka hospitali, wakalitoa hogo. Halafu mnyonyeshe wakati wanafunga, utashangaa anavyotulia.

Nyakato: Mie nilifanya ujinga. Nililoweka hogo kwenye beseni jioni ya kuamkia kliniki ili mtoto aoge vizuri. Asubuhi mguu ushaanza kurudi ulikotoka! Nesi alinisema mbele ya foleni nzima, na alikuwa na haki. Litolewe palepale, jipya likiwa tayari kufungwa.

Kabla ya hogo la mwisho wakamkata kano ya kisigino, maana kisigino kilikuwa hakishuki. Nililia kuliko yeye. Kumbe ni ganzi na kitundu tu, hata nyuzi hakuna, tukarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hilo hogo la mwisho linakaa wiki 3.

Mkulima wa Gairo: Hogo sio shida. Nauli ya kila wiki ndiyo iliyouza mbuzi wangu.

Bi Tatu: Wenzangu mmesimulia hogo, mie nawaambia shughuli ni viatu. Mguu ukishanyooka ndugu wote wanashangilia, kumbe ndo kwanza. Tulipewa vile vya Steenbeek, vya ngozi, vilivyoanzia Uganda, vimeunganishwa na chuma. Nyuma vina tundu. Usipokiona kisigino hapo, kiatu hakijakaa, fungua uanze upya. Miezi 3 ya kwanza ni saa 23 kwa siku, baadaye usiku na usingizi wa mchana mpaka miaka 4 hivi.

Mie niliacha akiwa na mwaka na nusu. Anakimbia uwanjani, bibi yake anamwonea huruma, nikasema basi. Alipotimiza miwili nikaona kandambili zinalika upande wa nje tu, kumbe mguu umeanza kurudi. Tukaanza hogo upya, matatu, kwa mtoto anayejua kusema "mama niondolee". Sitaki hata kukumbuka.

Mama K: Mmenitisha na kunipa moyo kwa pamoja. Bi Tatu, sasa analalaje na chuma miguuni?

Bi Tatu: Siku mbili tatu za kwanza hamtalala, jiandae. Mchana shika hicho chuma, mkunje na kumnyoosha magoti yote mawili kwa pamoja, mfanye mchezo. Akijua kurusha miguu pamoja anaacha kupigana nacho. Soksi za pamba, asilale peku ndani ya kiatu. Na chuma kizungushie kitambaa. Wangu alinipasua mdomo saa tisa usiku.