Dozi ya Nini?

Kikundi: NYUMBANI KWA BI TABU 🏠
Alhamisi

Mama 18:52
Imani dozi ya nini

Mama 18:52
Nauliza mwanangu uko kwenye dozi gani huko Njombe

Da Neema 18:55
Shikamoo mama. Dozi tena? Nani kasema?

Mama 18:58 (sauti, 0:41)
"Marahaba. Natoka gengeni sasa hivi. Mama Jose kaniita pembeni, kanishika na mkono kabisa. Ananiambia pole mama, Baba Jose kasema kwenye simu kijana yuko kwenye dozi, wiki ya pili sasa, jioni hakai nao. Ananitazama na lile jicho la msibani. Mimi dozi siijui! Hata nyanya zangu nimeziacha pale pale juu ya meza."

Mama Mdogo 19:03
Ee Mungu wangu. Ya muda mfupi au ya muda mrefu?

Kelvin 19:04
Mama mdogo jamani 😂

Mama Mdogo 19:04
Kelvin mimi sicheki. Siku hizi watu wanatumia na wanazeeka vizuri tu, ila mtu aseme

Imani 19:21
Shikamooni wakubwa. Ndio tunaingia mjini, huko tunakofunga pampu mtandao hakuna.
Siumwi. Mama tulia, siumwi kitu. Huo uongo nimeutunga mwenyewe

Da Neema 19:22
Eleza basi

Imani 19:29
Siku tuliyofika, hata mabegi hatujashusha, tukapelekwa baa ya jirani na gesti. Msimamizi hakuuliza mtu, kanyoosha vidole vitano hivi. Dada wa baa akauliza za moto za baridi, akaleta. Kabla sijafungua mdomo kizibo cha kwangu kiko kwenye sinia, chupa inafuka moshi kidogo, jasho linateremka kwenye lebo. Sentimita kumi kutoka kwenye mkono wangu. Nikasema samahani niko dozi, natumia flajili, dawa haitaki pombe. Wakacheka. Baba Jose akaivuta akaimaliza yeye. Nikaona nimepona

Kelvin 19:30
Hiyo ya flajili mbona ya kila mtu bro

Imani 19:33
Shida flajili ni siku tano, ikizidi wiki. Sisi tuko huku wiki tatu. Siku ya tisa wananiuliza, ndugu hiyo dozi inaisha lini? Nikasema bado. Sikuwa na jibu lingine. Sasa dozi isiyoisha unajua watu wanaipa jina gani

Da Eliza 19:34
Isipokuwa ya kifua kikuu miezi sita, ni ile ya maisha 🙈 Mdogo wangu umejichimbia mwenyewe

Anko Gerald 19:41
Nimesoma yote. Kwanza poleni. Pili, Imani, mambo ya kujificha ya nini? Kunywa moja yaishe. Bia moja haijaua mtu. Na mvua za huko nazijua, nilikaa Mafinga miaka minne kwenye mbao. Bila kitu cha kuchemsha damu hulali.

Da Neema 19:42
_Ujumbe huu umefutwa_

Kelvin 19:42
Da Neema umeandika nini 👀

Da Neema 19:45
Niliandika nikakumbuka Anko ni mkubwa. Shikamoo Anko. Kwa heshima zote, hiyo moja ya Imani ndiyo tulikwenda kuitoa mtaroni Mbagala mwezi wa nane, saa nane usiku, kwa tochi ya simu. Mimi na mama. Kiatu kimoja mpaka leo hatujakiona

Da Eliza 19:50
Na la kuchemsha damu Anko niruhusu, ndiyo kazi yangu. Pombe inatanua mishipa iliyo karibu na ngozi, damu inakuja juu, uso unawaka. Kumbe ndio joto la ndani linatoka nje hivyo. Ndiyo maana mlevi akilala nje kwenye baridi anakufa huku mwenyewe alijiona ana joto. Achukue blanketi la pili

Da Eliza 19:52
Halafu mnasahau Imani alivyoacha pombe. Siku ya pili hakuweza kushika kikombe, tukamlaza siku tatu. Mtu wa kunywa kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege. Mwenye jamaa yake anayetaka kuacha asimfungie ndani na uji, ampeleke hospitali

Anko Gerald 19:53
Hilo la degedege sikulijua.

Shem Joyce 19:58
Mimi mke nimekaa kimya muda mrefu. Posho akiipokea anaituma kwangu siku hiyo hiyo, anabaki na ya kula tu. Tulikubaliana kabla hajapanda gari. Kwa hiyo hata raundi hana ya kutoa, wenzake wanamwita mchoyo. Mchoyo na mgonjwa 😅

Imani 20:06
Baa nimeizoea kidogo. Kilichonipa tabu zaidi ni kijijini. Juzi maji yametoka bombani, akina mama vigelegele, mzee wa kitongoji akaleta ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwenye kidumu. Kaonja yeye kwanza, kanipa kikombe. Ananiambia huu wa leo asubuhi, mtamu, hata watoto wanakunywa. Na kweli asubuhi unakuwa kama juisi. Ila ulanzi haumsubiri mtu, unachacha ukiwa humo humo, na ile ilikuwa saa tisa alasiri. Sasa mzee wa watu unamkatalia vipi? Flajili haijui. Nikapokea kwa mikono miwili, nikagusisha mdomoni, nikampa aliyekaa kulia kwangu. Mkono ulitetemeka, nadhani mzee aliona

Mama 20:08
Ulimeza?

Imani 20:08
Sikumeza mama

Mama 20:08
Haya

Imani 20:17
Usiku huo ndio ulikuwa mbaya. Da Eliza unakumbuka ile ya Bill Wilson waliyotusimulia mkutanoni? Dalali wa hisa wa New York, 1935 kasafiri kikazi mpaka Akron, Ohio, dili limeharibika, ana miezi mitano tu tangu aache. Yuko peke yake kwenye ukumbi wa hoteli. Upande mmoja baa, anasikia watu wanacheka. Upande wa pili simu na orodha ya makanisa. Akapiga kwa mchungaji, akaomba atafutiwe mlevi yeyote wa kuongea naye. Ndiyo akakutanishwa na Dokta Bob, wakaanzisha AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha. Mimi nilikuwa nasema hayo mambo ya wazungu na hoteli zao. Sasa niko koridoni gesti, kushoto baa, kulia chumba, simu ina asilimia nne na mtandao hakuna

Kelvin 20:18
Ukafanyaje

Imani 20:23
Nikamgongea dereva. Mtu wa Tanga, swala tano. Kafungua na kofia kichwani, kanitazama, hakuuliza. Tukaenda kula kwa mama ntilie wa stendi, wali maharage na chai ya tangawizi, tukakaa mpaka anafunga. Njiani ananiambia: "Mimi nikisema hapana wananiacha. Wewe ukisema hapana unatoa na cheti. Hicho cheti ndicho kinakuponza." Tangu hapo kila saa moja jioni tunaondoka wawili

Mama 20:27 (sauti, 0:19)
"Huyo dereva nitampelekea kuku. Mwambie. Lakini Imani, Baba Jose umwambie leo. Siwezi kupewa pole gengeni kila siku."

Imani 20:28
Leo mama. Yuko hapo nje. Ngoja niende

Shem Joyce 20:29
🙏🏾

Anko Gerald 20:44
Neema. Ile orodha ya send-off ya mwanangu, Imani yuko kamati gani?

Da Neema 20:45
Vinywaji Anko. Mwenyekiti. Ulimteua mwenyewe ukasema ana uzoefu

Anko Gerald 21:02
Mtoe. Muweke usafiri.

Kelvin 21:03
Vinywaji nani sasa? Mimi nipo 🙋🏾‍♂️

Mama Mdogo 21:03
Wewe kaa hapo hapo

Imani 21:38
Nimemwambia. Nimesema baba mimi nilikuwa mlevi, nimeacha, mwezi wa saba huu, dozi hakuna. Kakaa kimyaaa. Halafu anasema "Sasa si ungesema, mimi wiki nzima nanawa mikono kila ukinipa spana" 😂😂

Da Eliza 21:40
Mwambie hata ingekuwa kweli haiambukizwi kwa spana. Aibu gani hii

Imani 21:41
Nimemwambia. Msimamizi bado, kesho labda. Anasema wiki ijayo tunahamia Makete

Da Neema 21:42
Na dereva anaenda?

Imani 21:42
Hajajua. Anaweza kurudi Dar na gari

Shem Joyce 21:43
Saa moja jioni mimi napiga. Ukiwa huna mtandao panda hata mlima

Mama 21:50
Joyce kesho ukitoka kazini nipitie nyanya zangu kwa Mama Jose. Mimi pale siendi wiki hii