Tupeane uzoefu: gemu za marudio kwa wanaoanza Kiingereza, yapi yamewakuta?

Chaki Moja: Leo bingo ya namba imenivurugia darasa, nimetaja thirteen, nusu yao wakaweka alama kwenye thirty, watu kibao wanapiga kelele bingo na hakuna aliyeshinda kihalali. Nyie wenzangu?

Mlinda Lango: Hahaha thirteen na thirty, huo ugonjwa uko kila darasa

Mwl wa Jioni: Umenitonesha kidonda. Darasa la watu wazima, tunarudia maswali ya are you na do you, nikawapa ile ya tafuta mtu, kila mmoja na karatasi yake anazunguka kuuliza, akijibiwa yes anaandika jina. Sasa kulikuwa na mtu na mkewe, mume akaulizwa na dada mmoja are you married, jamaa anajiamini kabisaa, no I'm not, na tabasamu juu. Mke yuko nyuma yake. Darasa kimya. Mke akamuuliza mwenyewe, polepole, are you married? Yule baba kwa kiwewe akajibu yes I do. Mama akabeba mkoba akatoka, mume mbio nyuma yake, waliobaki wote dirishani, gemu ikafia hapo.

Kitabu Wazi: Yes I do 😂😂 alijizika mwenyewe

Mama Sarufi: Msimhukumu, anayeanza akishtukizwa anashika jibu lolote lililo karibu

Jini la Ubaoni: Lolote wapi, ile no I'm not imenyooka haina kosa hata moja

Mama Sarufi: Basi wapeni kadi za watu wa kubuni, jina, kazi, ameoa hajaoa, kila mtu ajibu ya kwenye kadi. Na kwenye bingo anayedai ameshinda asome namba zake kwa sauti

Mzee wa Imla: Gemu zote kelele tupu. Daftari na imla.

Mlinda Lango: Imla nayo inachezwa mzee, bandika sentensi ukutani, mmoja anakimbia kusoma anarudi kumtajia mwenzake anaandika

Mzee wa Imla: Wakigongana utawatibu wewe?

Fundi Amri: Mimi inayonikera ni Simon Says, ile ya kutii amri ikianza na Simon says tu, anayekosea anatolewa, yaani asiyejua ndo anakaa kuwatazama wanaojua. Mwache aendelee, mpe hata zamu ya kuamrisha. Kufundisha kwa amri na vitendo kwenyewe hakuna tatizo, James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, aliipigia debe njia hiyo tangu miaka ya 1960

Kitabu Wazi: Sawa, ila yule mume alirudi darasani?

Mwl wa Jioni: Alirudi mke. Kafika past tense

Mzee wa Imla: Kwenye imla yasingetokea haya