Mjadala: Mwenye steshenari akiuza kopi za notisi za bure, kavunja leseni?

Wadau wa Kusini, mimi ni mwalimu wa Historia, Masasi. Notisi zangu za Kidato cha Pili, kurasa 84, niliziweka mtandaoni kwa leseni ya Creative Commons toleo la 4.0: nakili, rekebisha, gawa, ilimradi unitaje na usifanye biashara. Juzi nazikuta steshenari moja karibu na stendi, zimebanwa kwa plastiki nyekundu, shilingi 8,000. Ukurasa wenye jina langu umenyofolewa! Kijana ananiambia, "Mwalimu, si uliruhusu mwenyewe?"

Suala la jina sina mjadala nalo, kakosea. Leseni inampa siku 30 tangu agundue kosa. Akirekebisha, ruhusa yake inarudi. Kinachonichanganya ni hiyo 8,000. Kopi hapa ni shilingi 100 ukurasa, kwa hiyo anauza chini ya bei ya kopi. Hiyo ni biashara au huduma?

Mdau wa Newala: Pole mwalimu, ila sharti la biashara linatuumiza sisi. Shuleni simu marufuku, printa hatuna. Bila steshenari mwanafunzi atazisomea wapi? Liondoe. Weka kama Wikipedia: atajwe mwandishi, na anayerekebisha atoe kazi yake kwa leseni ileile.

Mwanzisha mada: Nimeliwaza, kaka. Ila leseni hizi ukishatoa hurudishi, aliyechukua kachukua. Leo kijana wa stendi, kesho mchapishaji mkubwa wa Dar anazipiga jalada la rangi, mimi naambulia jina kwa herufi za sisimizi.

Mdau wa Mtwara mjini: Marekani hili limefika mahakamani, Great Minds (waandaaji wa masomo ya shule) dhidi ya FedEx Office (maduka ya kopi). Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilisema shule ikipeleka kazi ikatolewe kopi, duka ni mkono wa shule tu, sharti halijavunjwa. Haitufungi sisi, lakini ina mantiki. Huyo kijana wako nani kamtuma? Katoa mwenyewe, kapanga kabatini, anangoja wateja. Hapo mimi naona biashara, hata kama faida ni ya soda.

Dada wa Lindi: Jamani, nina steshenari. Mwanafunzi akija na flashi namtolea, sina kosa, nimeelewa. Akija mikono mitupu, na faili lilelile ninalo kwenye kompyuta tangu mwenzake alilete jana, nimrudishe Mingoyo akatafute flashi?