Mrejesho: chuma cha ukingo wa soli chenye skrubu

Niliuliza kwa nini chuma changu cha kung'arishia ukingo wa soli ya kiatu kinaacha michirizi. Asanteni sana, tatizo lilikuwa pengo kati ya midomo miwili ya chuma, linalorekebishwa kwa skrubu: lilikuwa jembamba kuliko unene wa soli, hivyo mdomo wa juu ukachimba ngozi karibu na mshono.

Sasa nalegeza skrubu, nakiweka chuma ukingoni kikiwa baridi, nakaza hadi midomo yote miwili iguse bila kubana. Kisha nasugua ukingo kwa msasa namba 120, halafu 220, napaka wino, ukauke kabisa, ndipo napaka nta na kupitisha chuma cha moto. Joto ndilo linalotaka umakini zaidi. Nta iyeyuke taratibu. Ikifuka moshi, chuma kimezidi moto na kitababua ngozi. Kagueni skrubu tena kikishapata moto, inaweza kulegea.