Shemeji anataka pesa yangu ya korosho agombee udiwani, uchaguzi mdogo. Nimpe?

Binti Nanyamba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Naomba ushauri, na msinitukane, kichwa changu kimeshajaa.

Niko hapa Mtwara mjini. Diwani wa kata yetu alifariki, Mungu amrehemu, na kiti kiko wazi. Tume haijatangaza hata tarehe, lakini mdogo wake mume wangu ameshaanza kuzunguka misibani na kwenye vijiwe vya bodaboda akijiita mtumishi wenu. Juzi kaja nyumbani kuomba milioni tatu. Anajua ninazo, maana malipo ya mnada yameingia benki na mume wangu hajui kumficha mdogo wake kitu.

Pesa yenyewe inatoka kwenye mikorosho aliyoniachia mama kule Nanyamba. Nimeipangia kazi: palizi, vibarua wa kupuliza dawa msimu ukifika, ada ya mtoto, na friji la biashara yangu ya samaki pale Feri. Mume anasema huyu ni damu yetu, akipata yeye tumepata sote. Mama mkwe tangu siku hiyo salamu anaitikia nusu. Na hata kura yenyewe simpigii, nimejiandikisha kule kule Nanyamba! Nimpe, nimkopeshe au nikatae? Nikikataa nitaishi vipi na ukoo huu?

Kijana wa Chikongola

Dada nunua friji. Samaki hawana kura za maoni.

Mzee wa Vikao

Marahaba binti yangu. Mimi nimekuwa katibu wa tawi kwa miaka, kwa hiyo nisikilize vizuri. Usianze na "nimpe au nisimpe". Anza kwa kumuuliza: hizi tatu ni za hatua gani?

Nchi yetu haina mgombea binafsi. Lazima apitie chama, na ndani ya chama kuna kura za maoni, halafu kuna vikao vya juu vinavyoteua. Nimeshuhudia mtu anaongoza kura za maoni, anachinja mbuzi, jina linarudi la mwingine. Aliyekopa akabaki na deni na mbuzi keshaliwa.

Kampeni yenyewe ya kata moja haili pesa kiasi hicho. Wadhamini wa fomu ni wapiga kura wa kata hiyo hiyo, majirani zake, hawanunuliwi. Anahitaji vipeperushi, spika, mafuta ya pikipiki, chai ya mawakala siku ya kura, na chama nacho huwa kinasaidia. Sasa mtu anayetaka milioni tatu kabla hata ya uteuzi, mimi najua zinaenda wapi. Zinaenda kwa wajumbe wa chama wanaopiga kura za maoni.

Hesabu Kwanza

Naongezea kwa Mzee. Diwani halipwi mshahara, analipwa posho. Kwa miaka mingi posho ya mwezi iliyokuwa ikitajwa ni 350,000, ukiacha za vikao. Na kiti cha uchaguzi mdogo ni cha kumalizia muda wa aliyeondoka. 2030 anarudi tena kuomba kura, na pengine kurudi tena kwako. Humo katikati kila sanda, kila mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Ligula na kila timu ya mtaa inayotaka jezi ni yake. Wewe utalipwa lini? Shemeji yako hatakuwa mwizi, atakuwa hana tu.

Wakili wa Kijiweni

Wengine humu bado wanaita hiyo takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Takrima Mahakama Kuu iliishaifuta 2006. Halafu ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, ambayo inamtaka mgombea aeleze pesa anazotumia na alikozipata. Ukimtumia kwa simu, jina lako limo kwenye muamala. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wakimshika na bahasha, swali la kwanza ni pesa katoa wapi. Sisemi utafungwa, nasema utaitwa, na siku hiyo hakuna atakayekuuzia samaki wako.

Mtani wa Lindi

Nyie watu wa Mtwara, korosho ikilipwa kila ukoo unapata mgombea. Bei ikishuka hamsikiki.

Bi Mikindani

Mdogo wangu, wanaume wamekupa sheria na hesabu, hawajakuuliza la muhimu. Mikorosho ni ya mama yako. Mjomba wako anajua? Kwetu sisi mali ya upande wa mama haitoki kwenda kwa ukoo wa mume bila mjomba kukaa mkekani. Usiseme "sitaki" mwenyewe. Sema "ngoja mjomba aje". Mama mkwe wako mila hiyo anaijua kuliko wewe, atanuna lakini hatakuwa na la kujibu.

Binti Nanyamba

Bi Mikindani Mungu akuweke, hilo sikulifikiria kabisa. Jana nimempigia mjomba, kaja na basi la asubuhi. Nimemuuliza shemeji swali la Mzee mbele yake. Kajikuna, kasema "mambo ya ndani ya chama hayo shemeji". Mjomba kamwambia: ukishateuliwa rudi, tutachapisha vipeperushi vya shilingi laki mbili na tutakukodia spika, pesa mkononi hapana. Shemeji kaondoka bila kumaliza chai. Mume kimya. Ila usiku kaniambia tufikirie laki tano kama mkopo, ili ndugu yake asione katengwa. Hapo nifanyeje?

Kijana wa Chikongola

Laki tano ni nusu ya friji dada!

Mzee wa Vikao

Mume wako naye msikilize, yuko katikati. Kama anataka laki tano zitoke, basi mkopaji awe yeye. Aandike karatasi kwamba amekopa kwako, mjomba asaini kama shahidi, na alipe kutoka kwenye mapato yake, mdogo wake ashinde au asishinde. Akikataa kuandika, unajua na yeye anaziona zimeshapotea. Na zisitoke kabla ya uteuzi.