Kwa nini siki hutakiwa fenolfthaleini, si methili oranji?

Swali: Ndugu zangu, tunapotitresha siki kwa haidroksidi ya sodiamu (yaani kuongeza besi hii kidogo kidogo hadi asidi iishe), kwa nini methili oranji hukataliwa ilhali nayo ni kiashiria, yaani kemikali inayobadilika rangi kuonyesha asidi imekwisha?

Jibu: Asidi ya siki ni dhaifu, hivyo inapokwisha, chumvi iliyoundwa huufanya myeyusho kuwa na pH (kipimo cha uasidi; 7 ni katikati) inayokaribia 8.7. Methili oranji hubadilika kati ya 3.1 na 4.4, wakati zaidi ya nusu ya asidi bado ipo, na hesabu nzima huharibika. Fenolfthaleini huanza kugeuka waridi karibu na 8.2.

Jibu: Naongeza kwamba matone mawili au matatu yanatosha, kwa kuwa kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu na hutumia besi. Waridi likififia baadaye, sababu ni kabonidioksidi ya hewani. Tafadhali usiongeze besi.

Mwenye swali: Na asidi ya haidrokloriki?

Jibu: Hapo vyote viwili vinafaa, kwani pH huruka ghafla na kuvuka viwango vya vyote viwili.