Bunduki mpya, ahadi ya inchi moja, kitako kinabonyea kwa vidole viwili!

Wakuu, nina hasira wiki ya pili sasa.

Niko Wisconsin, Marekani. Msimu mkuu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huku ni siku tisa tu, Novemba. Nimejibana tangu Machi nikanunua bunduki mpya ya bolti (komeo la chuma unalovuta kwa mkono kuingiza kila risasi), ya risasi za saizi ya .308, dola 520 bila darubini. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: risasi tatu ndani ya inchi moja, yadi 100.

Nikaenda uwanja wa shabaha. Mbili za kwanza zilikaribiana hadi nikafurahi. Ya tatu ikapanda. Ya nne ikapanda zaidi na kuhamia kulia. Ya tano, inchi tatu na nusu kutoka ya kwanza! Nikaacha mtutu upoe, nikarudia, yale yale. Nikajaribu risasi za aina tatu, nikakaza skrubu za darubini, nikampa jamaa mwenye shabaha kuliko mimi. Yale yale. Na mnyama ukimpiga tumboni badala ya kifuani anakwenda kufia mbali kwa mateso, kwa hiyo msiniambie inchi mbili si kitu.

Nyumbani nikapitisha noti ya dola kati ya mtutu na kitako, yaani ule mwili wa plastiki unaoanzia begani hadi chini ya mtutu. Mtutu unatakiwa uwe huru, noti iteleze mpaka ndani kabisa. Yangu ilikwama karibu na ncha ya mbele ya kitako, chini upande wa kushoto. Nikabana hapo kwa vidole viwili, plastiki ikalala kwenye chuma naiona.

Ukifyatua, mtutu mzima unatetemeka. Ukitetemeka vile vile kila mara, risasi zinakwenda pamoja. Ukiwa umeegemea plastiki, kila unavyopata moto ndivyo msukumo unavyobadilika. Ndiyo maana zangu zilikuwa zinakimbilia juu kulia.

Kinachoniuma ni kwamba mtutu wenyewe ni mzuri. Fundi bunduki ameukagua: mdomo hauna hata mkwaruzo, meno mawili ya bolti yanashika sawasawa. Kazi ngumu wameiweza, wakaja kubania plastiki!

Na kisingizio kwamba ni bunduki ya "bei rahisi" sitaki kukisikia. Savage, kampuni ya bunduki ya Marekani, walitoa modeli 110 mwaka 1958, mtutu wake unafungwa kwa nati, hivyo nafasi ya risasi kwenye chemba (tundu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa) inapimwa na kukazwa bila kuchongachonga chuma. Gharama ilishuka, na bunduki zile zikajijengea jina kwa shabaha. Huko waliokoa pesa kwa kufikiri.

Halafu hizo risasi tatu! Bunduki mbovu nayo inaweza kubahatisha tatu. Wapige kumi mfululizo, mtutu ukiwa wa moto, ndiyo waandike kwenye boksi.

Niliwaandikia kiwandani. Wakajibu bunduki "iko ndani ya viwango". Nikazungushia msasa kwenye kipande cha bomba, nikasugua ndani ya kitako jioni nzima hadi noti ikapita. Risasi tano zikaingia kwenye inchi moja na robo. Nikawatumia picha za kabla na baada. Jibu lao: umegusa kitako, waranti imekufa.

Yaani kazi yao nimeimaliza mimi, na adhabu nimepewa mimi.

Aliyewahi kuwabana watu wa namna hii mpaka wakabadilisha kitako, alianzia dukani au kiwandani? Msimu unafunguliwa wiki tatu zijazo.